Oili ya giaboksi: Matunzo madogo yanayookoa mtaji wa wenye magari ya otomatiki Murangi

KWA mfanyabiashara wa dagaa au mihogo wa Kata ya Murangi, Wilaya ya Musoma mkoani Mara, gari ni mtaji kama mtumbwi ulivyo mtaji wa mvuvi. Likilala gereji siku tatu, samaki waliokwisha kununuliwa mwaloni wanashuka thamani, wateja wa mjini wanahamia kwa muuzaji mwingine, na mkopo uliochukuliwa kununulia gari hilo unaendelea kudaiwa kama kawaida.

Magari mengi yanayofanya kazi hiyo katika vijiji vya kando ya Ziwa Victoria si mapya. Ni Toyota Corolla za miaka ya 1990, Mark II, Noah za kwanza zilizotoka mwaka 1996, na Probox zilizoanza kutengenezwa mwaka 2002. Huko Ulaya na Marekani, gari likifikisha miaka 25 au 30 mara nyingi huanza kuhesabiwa kuwa gari la kale, likafunikwa turubai na kutolewa siku za maonyesho. Murangi gari la umri huo bado linabeba magunia na abiria asubuhi na jioni.

Idadi kubwa ya magari hayo yana gia za otomatiki. Wenye magari wengi wanajua kwamba oili ya injini inabadilishwa kila baada ya kilomita kadhaa, na kondakta asiyejua kusoma dashibodi bado atakumbusha tarehe ya kumwaga oili. Lakini giaboksi, ambayo gharama yake ikifa inaweza kumrudisha mtu kwenye baiskeli, haiulizwi hata mara moja tangu gari liliponunuliwa.

Matokeo yake ni kwamba giaboksi nyingi zinakufa kwa sababu mbili tu: joto na oili mbaya. Zote mbili zinaweza kuzuiwa na mwenye gari mwenyewe, kwa gharama ndogo, hata kama anaishi mbali na gereji kubwa.

Kwa nini tatizo hili ni la magari haya

Hadi miaka ya 1980, magari yaliyojulikana zaidi katika barabara za vijijini nchini yalikuwa Land Rover, Peugeot 404 na 504 pamoja na malori ya Bedford. Karibu yote yalikuwa na gia za mkono. Fundi aliyejifunza kazi wakati huo alijua kubadilisha sahani ya klachi na kutia oili nzito kwenye giaboksi, basi.

Biashara ilipofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990, magari yaliyotumika kutoka Japani yakaanza kuingia kwa wingi kupitia bandari ya Dar es Salaam. Huko yalikotoka, gia za otomatiki zilikuwa jambo la kawaida. Teknolojia yenyewe ilikuwa na umri mkubwa, kwani kampuni ya General Motors ya Marekani ilitangaza giaboksi yake ya Hydra-Matic mwaka 1939 kwa ajili ya magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940.

Gari likaja, lakini kitabu chake kilikuwa cha Kijapani, na mara nyingi hakikufika kabisa mikononi mwa mnunuzi. Elimu ya kulitunza ikabaki ya kusikia kwa jirani. Ndiyo maana hadi leo kuna madereva wenye uzoefu wa miaka mingi ambao hawajawahi kuchomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, na wengine hudhani ni kijiti cha pili cha oili ya injini.

Giaboksi ya otomatiki inavyofanya kazi

Gari la gia za mkono lina klachi inayokanyagwa kwa mguu. Gari la otomatiki halina kanyagio hilo. Badala yake, kati ya injini na giaboksi kuna chombo cha mviringo kinachofanana na boga kubwa, ambacho mafundi hukiita toki konventa.

Namna kinavyofanya kazi inaeleweka kwa mfano wa mafeni mawili yanayotazamana. Feni moja likiwashwa, upepo wake unalizungusha la pili ingawa hayajagusana. Ndani ya toki konventa, feni la kwanza linazungushwa na injini, la pili linaizungusha giaboksi, na badala ya upepo kuna oili.

Oili hiyo, ambayo kwa mafundi wengi inajulikana kama haidroliki au ATF, inafanya kazi nne kwa wakati mmoja. Inapeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi. Inasukuma sahani za klachi zilizo ndani ili gia ziingie zenyewe. Inalainisha vyuma. Aidha, inabeba joto na kulipeleka nje lipozwe.

Hapo ndipo tofauti kubwa ilipo. Katika gari la gia za mkono, oili ikiwa chafu kidogo, gari bado litatembea. Katika otomatiki, oili yenyewe ndiyo sehemu ya mtambo. Ikipungua, shinikizo linapungua, shinikizo likipungua, sahani zinateleza, zikiteleza, zinaungua.

Joto, mchanga na mzigo

Katika hali ya kawaida, oili ya giaboksi hufanya kazi kwenye joto la kiasi cha nyuzi 80 za Sentigredi. Wahandisi wa vilainishi wana kanuni inayosema kwamba joto likipanda nyuzi 10 juu ya kiwango cha kawaida, maisha ya oili yanapungua karibu nusu. Likipanda nyuzi 20, inabaki robo. Kanuni hiyo ni ya makadirio, lakini inaonyesha kwa nini gari moja linamaliza oili yake mapema kuliko jingine la aina ile ile.

Vitu vinavyopandisha joto vipo vingi katika barabara za kwenda mialoni. Gari likizama kwenye mchanga wa ufukweni na dereva akaendelea kukanyaga mafuta huku matairi yakizunguka papo hapo, joto ndani ya toki konventa linapanda kwa dakika chache tu. Hali ni hiyo hiyo wakati wa masika, gari linapokwama kwenye matope.

Sababu nyingine ni mzigo. Toyota Probox ya mwaka 2002 ilitengenezwa Japani kama gari la kubebea bidhaa, na uwezo wake ni kilo 400 likiwa na watu wawili. Maana yake magunia manne ya kilo 100 yanatosha. Likipakiwa magunia manne, abiria watano na ndoo za samaki juu ya keria, mzigo wa ziada unabebwa kwanza na springi, kisha na giaboksi.

Dereva anaweza kupunguza madhara kwa kutumia vizuri gia alizonazo. Magari mengi ya miaka hiyo yana kitufe cha O/D pembeni ya mkono wa gia. Kikibonyezwa hadi taa ya O/D OFF ikawaka, gari haliingii gia ya juu kabisa. Panapokuwa na mzigo mzito, kilima kirefu au barabara mbovu ya mwendo mdogo, hali hiyo inazuia giaboksi kubadili gia mara kwa mara, na joto linapungua. Kwenye kilima kikali au mteremko mkali, nafasi ya 2 au L inafaa zaidi.

Kinyume chake, tabia ya kuweka gia kwenye N, maarufu kama frii, wakati wa kuteremka ili kuokoa petroli ni hatari. Injini inazunguka polepole, kwa hiyo na pampu ya oili inazunguka polepole, huku vyuma vya giaboksi vikizungushwa kwa kasi na matairi. Zaidi ya hapo, gari linakosa breki ya injini na mzigo wote unaangukia breki za miguu.

Maji ya ziwa kwenye rejeta

Jambo ambalo wengi hawalihusishi na giaboksi ni maji ya rejeta. Katika magari mengi ya otomatiki, oili ya giaboksi inapozwa na bomba dogo lililofichwa ndani ya rejeta ya injini, kwa kawaida katika tangi la chini au la pembeni. Mipira au paipu mbili zinazotoka kwenye giaboksi kwenda kwenye rejeta ndizo zinazobeba oili hiyo.

Kifaa hicho kinatenganishwa na maji kwa ukuta mwembamba wa chuma. Dereva anayejaza rejeta kwa maji ya ziwa au ya kisima, mwaka baada ya mwaka, bila kutia dawa ya rejeta, anaulisha kutu ukuta huo. Siku ukitoboka, maji yanaingia kwenye giaboksi na oili inaingia kwenye rejeta.

Dalili yake haifichiki. Oili kwenye kijiti inageuka kuwa na rangi ya pinki iliyochanganyika na maziwa, na juu ya maji ya rejeta panaonekana utando wa mafuta. Gari la namna hiyo halitakiwi kuendeshwa hata kilomita moja. Gundi inayoshikilia bitana za sahani za klachi haivumilii maji, na kadiri gari linavyoendelea kutembea ndivyo matumaini ya kuiokoa giaboksi yanavyopungua.

Kwa sababu hiyo, dumu moja la dawa ya rejeta ni matunzo ya injini na pia ya giaboksi. Na anayelazimika kununua rejeta ya mtumba anashauriwa kuhakikisha kuwa ni ya gari la otomatiki na kwamba fundi ameipima kwa upepo kabla ya kuifunga.

Jinsi ya kupima oili

Kupima oili ya giaboksi hakuhitaji fundi. Kwa Toyota nyingi zenye kijiti, gari linaendeshwa kwanza hadi lipate moto vizuri, kisha linaegeshwa mahali tambarare, breki ya mkono ikiwa imevutwa na injini ikinguruma. Dereva anakanyaga breki, anapitisha mkono wa gia katika nafasi zote kuanzia P hadi L, akisubiri kidogo kila nafasi, kisha anaurudisha P.

Injini ikiendelea kunguruma, kijiti kinachomolewa, kinafutwa kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, kinarudishwa hadi mwisho na kuchomolewa tena. Kiwango kinatakiwa kiwe ndani ya alama za HOT. Alama za COLD ni za kukisia tu wakati gari likiwa bado baridi.

Si kila gari linapimwa hivyo. Honda nyingi, kwa mfano, hupimwa injini ikiwa imezimwa muda mfupi baada ya kupata moto. Baadhi ya magari ya kuanzia miaka ya 2000 hayana kijiti kabisa, na hayo ni kazi ya fundi mwenye vifaa.

Baada ya kiwango, inatazamwa hali ya oili yenyewe. Oili nzuri ni nyekundu na inaonekana kupenya mwanga. Ikiwa imekuwa ya kahawia, muda wake umekaribia au umepita. Ikiwa nyeusi na inanuka kama kitu kilichoungua, sahani zimeanza kuungua. Ikionekana na chembe zinazong'aa, vyuma vinasagana. Ikiwa na rangi ya maziwa, imeingia maji.

Oili kuzidi nayo ni hasara. Ikipita alama ya juu, vyuma vinavyozunguka vinaichapa hadi inatoa povu, na povu haliwezi kusukuma sahani za klachi. Ni afadhali kuongeza nusu glasi, kupima, na kuongeza tena, kuliko kumimina lita nzima kwa mkupuo.

Oili ipi?

Hapa ndipo penye makosa mengi katika maduka ya vipuri. Oili zote za otomatiki hufanana rangi, lakini hazifanani kazi. Kuna Toyota za miaka ya 1990 zilizoandikiwa Dexron II au Dexron III, kuna zilizoandikiwa T-IV, na nyingi za kuanzia katikati ya miaka ya 2000 zinatumia WS. Nissan ina oili yake ya Matic, Mitsubishi ina SP-III, na Honda iliacha Z1 na kuhamia DW-1.

Kwenye Toyota nyingi za zamani, jina la oili inayotakiwa limechongwa kwenye kijiti chenyewe. Mwenye gari akikisafisha na kukisoma kwa utulivu, anaweza kwenda dukani akiwa na jibu mkononi badala ya kukubali chochote kilichopo.

Uangalifu zaidi unahitajika kwa magari yenye mfumo wa CVT, ambao hauna gia za kawaida bali mkanda wa chuma. Probox zilizofanyiwa mabadiliko mwaka 2014 ni miongoni mwa magari yenye mfumo huo. Mtu anayehama kutoka Probox ya zamani kwenda hiyo mpya, akatia oili ile ile aliyoizoea, anaweza kuiua giaboksi kwa muda mfupi. CVT ina oili yake peke yake.

Wapo pia wanaotia oili ya injini namba 40 kwenye giaboksi inayoteleza ili ipate uzito. Gari linaweza kuonekana limepona kwa siku chache, lakini oili hiyo haina viambato vya kushikisha na kuachisha sahani za klachi kwa wakati wake. Ni sawa na kumpa mgonjwa dawa ya maumivu na kuacha kidonda.

Kubadilisha hatua kwa hatua

Kuna msemo unaosikika katika gereji nyingi kwamba ukibadilisha oili ya giaboksi ya gari la zamani, gari linakufa. Msemo huo una chanzo chake. Mara nyingi mwenye gari hukumbuka oili baada ya giaboksi kuanza kuteleza. Wakati huo sahani zimekwisha kuungua, na unga wake ulio kwenye oili chafu ndio unaozisaidia kushikana kidogo. Oili mpya inapoingia, ugonjwa uliokuwapo unajitokeza, na lawama inaangukia oili.

Kwa hiyo jibu linategemea hali ya gari. Ikiwa gia zinaingia vizuri na oili imekuwa ya kahawia tu, ibadilishwe. Ikiwa oili ni nyeusi, inanuka na gari linateleza, oili mpya haitalitibu. Mwenye gari ajiandae kwa matengenezo makubwa na asitumie fedha zake kununua oili mara tatu bure.

Njia salama kwa gari la zamani ambalo halijulikani lini lilibadilishwa ni kumwaga na kujaza kidogo kidogo, badala ya kusukuma oili yote kwa mashine. Boliti ya chini ya sampu ikifunguliwa, inayotoka ni sehemu tu ya oili, kwa sababu nyingine imebaki ndani ya toki konventa na mabomba.

Chukua mfano wa giaboksi inayobeba lita 7, ambapo lita 2.8 hutoka kila inapomwagwa, yaani asilimia 40. Baada ya mara ya kwanza, asilimia 40 ya oili itakuwa mpya. Gari likitembea siku chache na kumwagwa mara ya pili, oili mpya itafika asilimia 64. Mara ya tatu itafika karibu asilimia 78. Uchafu unatoka taratibu, bila kufumuliwa ghafla na kwenda kuziba vijia vyembamba vya oili.

Kazi yenyewe inafanyika hivi. Gari linanyanyuliwa na kuwekwa juu ya stendi imara, si juu ya jeki peke yake wala mawe yaliyopangwa. Oili iwe ya uvuguvugu, si ya moto wa kuunguza. Inayotoka ikusanywe kwenye chombo safi na kupimwa, na kiasi hicho hicho cha oili mpya ndicho kinachorudishwa kupitia tundu la kijiti kwa faneli safi. Chembe ya mchanga inayoingia hapo ni adui wa ndani.

Angalau katika awamu ya kwanza, ni vyema sampu ikafunguliwa. Ndani yake mna chujio na sumaku ndogo zinazonasa unga wa chuma. Unga laini wa kijivu kwenye sumaku ni wa kawaida kwa gari la umri huo. Vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole si vya kawaida. Sumaku zisafishwe na kurudishwa mahali pake, chujio kisafishwe au kibadilishwe, na gasketi mpya iwekwe. Boliti za sampu ni ndogo, na zinakazwa kwa mkono mwepesi, kwa kupishana upande huu na huu. Zikikazwa kwa nguvu za kukaza tairi, sampu inapinda na kuanza kuvuja.

Mafundi wakumbuke pia kwamba baadhi ya Corolla za zamani zenye gia tatu zina difu inayojitegemea kwa oili ingawa imeungana na giaboksi. Hiyo ina boliti yake, na ikisahaulika inaweza kukauka huku kijiti kikionyesha kuwa kila kitu ni kizima.

Oili chafu isimwagwe kando ya ziwa, mtoni au karibu na kisima. Biashara ya Murangi inategemea maji hayo hayo. Ihifadhiwe kwenye dumu lenye kifuniko na kupelekwa gereji zinazokusanya oili iliyotumika.

Dalili za kutopuuza

Giaboksi ya otomatiki ni nadra kufa bila kutoa taarifa. Dalili ya kwanza ni kuchelewa kushika asubuhi, ambapo dereva anaweka D na gari linasubiri sekunde kadhaa ndipo linasogea. Nyingine ni injini kuvuma bila gari kuongeza mwendo, gia kuingia kwa kishindo, taa ya O/D kuwakawaka yenyewe, au matone mekundu chini ya gari lililolala.

Si kila dalili inamaanisha kifo. Magari mengi ya miaka ya 1990 yana waya mwembamba unaotoka kwenye injini, pale mafuta yanapokanyagiwa, hadi kwenye giaboksi. Waya huo ukilegea au kukaza kupita kiasi, gia zinaingia mapema, kwa kuchelewa au kwa kishindo. Kuurekebisha ni kazi ya muda mfupi. Kabla ya kukubali giaboksi ishushwe, mwenye gari aulize kama waya huo, kiwango cha oili na mauntingi za injini vimekaguliwa.

Betri ikiisha, gari la otomatiki halisukumwi likawaka kama la gia za mkono. Pampu ya oili inazungushwa na injini, na injini ikiwa imezimwa hakuna shinikizo la kuunganisha gia. Kwa sababu hiyo hiyo, kulivuta kwa kamba kwa umbali mrefu ni kulisaga kavu. Gari lipakiwe kwenye lori, au matairi yanayoendesha yanyanyuliwe: ya mbele kwa Corolla na Probox za kawaida, ya nyuma kwa Mark II za kawaida.

Ikilazimu kununua nyingine

Pale giaboksi inapokuwa imekufa kweli, wengi hununua ya mtumba. Mnunuzi asitegemee macho. Toyota huwa na bamba dogo, aghalabu ndani ya chumba cha injini, lenye namba za gari, na mojawapo huandikwa TRANS/AXLE ikifuatiwa na herufi na tarakimu kama A245E. Namba hiyo ndiyo ya kumpa muuzaji.

Kabla ya kufunga giaboksi nyingine, paipu za kupozea na kifaa kilicho ndani ya rejeta vioshwe au vibadilishwe. Uchafu wa giaboksi iliyokufa hubaki humo, na ukiachwa unaingia moja kwa moja kwenye ile iliyonunuliwa. Stakabadhi iandikwe namba ya giaboksi na siku za dhamana ambazo muuzaji amekubali.

Fundi naye achaguliwe. Kazi ya otomatiki inahitaji usafi na subira kuliko nguvu. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, hutoa mafunzo ya ufundi wa magari, na kijana wa kijijini anayejua umeme wa magari na otomatiki hatakosa kazi katika ukanda wenye magari ya aina hii.

Hesabu ya mwenye gari

Gari la mizigo katika barabara mbovu linafaa kubadilishwa oili ya giaboksi kila kilomita 30,000 hadi 40,000. Kwa wengi, kilomita si rahisi kuzifuatilia kwa sababu mita ya gari ilisimama zamani au ilirudishwa nyuma kabla gari halijauzwa. Njia rahisi ni kuhesabu safari.

Kwa mfano, gari linalotembea kilomita 100 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, linafanya kilomita 2,500 kwa mwezi. Katika miezi 12 limefikisha 30,000. Maana yake gari hilo linahitaji oili mpya ya giaboksi kila mwaka, na mwenye gari anaweza kuchagua mwezi mmoja anaoukumbuka, kama ule wa kukata bima.

Akitenga Sh 1,000 kila siku ya kazi, kwa mwezi anakuwa na Sh 25,000 na kwa mwaka Sh 300,000 za matunzo ya giaboksi na rejeta peke yake. Fedha hiyo iwekwe kando na nauli, kwenye kikundi cha kuweka na kukopa au kwenye simu, isichanganywe na ya petroli. Dereva aliyekodishwa gari apewe kazi ya kupima oili kila Jumapili na kuandika kwenye daftari tarehe, kiwango na rangi aliyoiona. Bosi asiyekaa Murangi ataweza kujua hali ya mtaji wake kwa kusoma mistari mitatu.

Kwa anayenunua gari sasa, kijiti cha giaboksi kichomolewe kabla ya kukubaliana bei. Oili nyeusi inayonuka kuungua ni sababu tosha ya kushusha bei kwa thamani ya giaboksi nzima, au ya kuliacha gari hilo na kutafuta jingine.